Hakiumi, kinabana tu

Mjomba alikuwa na kawaida ya kusimama katikati ya ngazi, akijifanya anatafuta simu mfukoni. Dakika tatu, nne, halafu anaendelea kupanda. Siku moja nikamuuliza kama kifua kinamuuma. "Hakiumi, mjomba, kinabana tu." Alisema hivyo ngumi ameikandamiza katikati ya kifua.

Kwa maoni yangu, neno "maumivu" limewaponza wengi. Mwenye angina, yaani kifua kubana kwa sababu moyo haupati damu ya kutosha, mara nyingi haumwi kama anayechomwa. Hulemewa, hubanwa, hukabwa. William Heberden, daktari wa London aliyeieleza mwaka 1768, aliipa jina la Kilatini lenye maana hiyohiyo ya kukabwa. Aliona pia kwamba humshika mtu akitembea, hasa akipanda mlima au akitoka kula, na akisimama inaachia.

Huko kuachia ndiko kunakotudanganya. Tunasema ni gesi, imepita. Kumbe moyo, hata ukiwa umetulia, tayari umeshachukua karibu robo tatu ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayoulisha. Misuli ya mguu ikizidiwa na kazi hubakiwa na akiba ya kuchota. Moyo hauna, unahitaji damu zaidi. Mshipa ukiwa umezibwa nusunusu na mafuta, damu ya kukaa inatosha, ya kupanda ngazi haitoshi. Kwa hiyo mtu akiniambia "nikipumzika inaisha", hapo ndipo mimi naanza kuogopa.

Mjomba alipimwa umeme wa moyo akiwa amelala kitandani, akaambiwa yuko safi, akapewa dawa ya kiungulia. Kipimo hakikukosea: moyo uliopumzika unaweza kutoa mchoro mzuri kabisa. Nililokasirikia ni kwamba hakuna aliyemuuliza inaanza akifanya nini. (Wanawake na wenye kisukari ndio hukosewa zaidi, wengine hupata pumzi fupi, uchovu au kichefuchefu tu.)

Ikianza kuja mtu akiwa ameketi, au ikagoma kuondoka baada ya dakika kumi na jasho jembamba likimtoka, hiyo si ya kungojea asubuhi. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Siku hizi mjomba anatembea na vidonge vya nitroglycerin, dawa ya kutanua mishipa ya damu. Huketi kwanza, kwa kuwa hushusha presha ghafla, ndipo anaweka kimoja chini ya ulimi. Ukimuuliza, bado atakwambia hakiumi.