Tairi Lisomwe Kabla ya Kulaumiwa

Niliharibu jozi mbili za matairi ya mbele kabla sijakubali kwamba tatizo halikuwa matairi. Jozi ya kwanza niliilaumu kwa ubora wake, kwa kuwa niliinunua kwa bei nafuu. Jozi ya pili ilikuwa ya bei ya juu, nayo ikaliwa upande wa ndani vilevile, hadi waya za chuma zikaanza kuchungulia huku nusu ya nje ikiwa bado na kashata, yaani vibonge vya mpira vinavyogusa barabara, nene kama za tairi lililotoka dukani jana. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba, kati ya jozi hizo mbili, nilikuwa nimelipeleka gari kwenye mashine ya alaimenti, yaani ya kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, nikapewa karatasi yenye namba zote za kijani, ishara kwamba ziko sawa, nikaondoka na amani isiyokuwa na msingi.

Tangu wakati huo nimekuwa na msimamo ambao baadhi ya mafundi hawaupendi: alaimenti si dawa ya kununuliwa peke yake, bali ni hatua ya mwisho ya matengenezo. Mashine hupima magurudumu gari likiwa limesimama, limetulia, halivuti wala halifungi breki. Barabarani mambo ni mengine. Bushi, yaani kiungo cha mpira, ya nyuma ya mkono wa chini unaolishikilia gurudumu ikishachoka, mpira wake hulegea kiasi cha kuruhusu mkono ule kusogea kila unapokanyaga breki, na gurudumu likageuza pua yake nje kwa muda mfupi kabla ya kurudi mahali pake. Ukilisimamisha gari juu ya mashine, gurudumu limekwisha kurudi, namba zinapendeza, na kosa linabaki limejificha ndani ya mpira uliopasuka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa gari langu, na fundi aliyeligundua hakutumia kompyuta yoyote. Alitumia nondo fupi, akaipenyeza karibu na bushi, akabinya, nami nikauona mkono ukicheza kwa macho yangu.

Sisemi kwamba namba za mashine hazina maana. Kipimo cha pua za magurudumu, yaani kama yanatazama mbele sawasawa au yanaelekeana ndani au kuachana nje, ndicho kinachokula tairi kwa kasi kuliko kingine chochote, na hesabu yake inatisha ukiifanya. Gurudumu lililopinda kwa nusu digrii tu kutoka kwenye mwelekeo wa safari huburutwa kwa ubavu karibu mita 8.7 katika kila kilomita moja. Ni sawa na kulisugua tairi kwenye lami kama kifutio kwenye karatasi, siku nzima, bila dereva kusikia chochote.

Hapo ndipo wengi hudanganyika, nami nikiwamo. Tunadhani kwamba gari linalokwenda moja kwa moja bila kuvuta upande lina alaimenti nzuri. Magurudumu mawili ya mbele yakikosea kwa kiasi kile kile, moja likivuta kushoto na lingine kulia, nguvu zao huuana, usukani ukabaki katikati, na gari likanyooka vizuri kabisa huku matairi yote mawili yakiteketea. Kinyume chake, gari linaloelekea upande mmoja huenda halina kosa lolote la alaimenti: huenda barabara yenyewe imeinama ili maji yatiririke, huenda tairi moja lina upepo mdogo, au tairi lenyewe lina kasoro ya kiwandani. Jaribio la bure ni kubadilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto, mradi michoro yake si ya kuzunguka upande mmoja tu. Gari likianza kuvuta upande mwingine, umempata mhalifu.

Kipimo cha pili ni mlalo wa gurudumu, yaani linavyoegemea ndani au nje kwa juu. Mlalo uliozidi hula ukingo mmoja polepole na kwa usawa, na mara nyingi huja na historia: springi zilizobonyea kwa umri, gari lililoshushwa kwa ajili ya urembo, au ukingo wa barabara uliogongwa kwa nguvu na mkono ukapinda. Magari mengi yenye shokapu za kusimama wima mbele hayakuwekewa kiwandani mahali pa kurekebisha mlalo huo, hivyo fundi anaposema haurekebishiki huenda anasema kweli. Swali linalofuata ni kwa nini umebadilika.

Kabla ya yote hayo, tairi lenyewe lisomwe. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Kukiwa na ulaini upande mmoja na makali kama ya msumeno upande wa pili, pua za magurudumu zimekosea. Mabonde yanayopishana kuzunguka tairi huashiria shokapu zilizokufa au balansi mbaya, yaani uzito usio sawa kuzunguka gurudumu. Tairi lililoliwa katikati limejazwa upepo kupita kiasi, na lililoliwa kingo zote mbili limenyimwa upepo. Mtetemo wa usukani kwenye mwendo wa kasi kwa kawaida ni suala la balansi, si alaimenti, na ninashangaa jinsi huduma hizi mbili zinavyouzwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Nina shaka pia na ushauri wa kuzungusha matairi, yaani kuyabadilishana nafasi, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, pale unapotolewa kama tiba. Kwa gari lisilo na kosa ni desturi nzuri. Kwa gari linalokula tairi upande, ni kuugawa ugonjwa kwa matairi yote manne, na ushahidi unapotea kabla haujasomwa.

Siku hizi naomba mambo kwa mpangilio, hata kama naonekana msumbufu. Kwanza upepo upimwe, kisha gari linyanyuliwe, bushi, boljointi na tairodi (viungo vya magurudumu na usukani), pamoja na beringi, zikaguliwe kwa mkono, kilichochoka kibadilishwe, ndipo gari lipande kwenye mashine, magurudumu ya nyuma yakianza pale yanaporekebishika, kwa kuwa ya mbele hupangwa kwa kuufuata mwelekeo wa yale ya nyuma. Nataka karatasi mbili, ya kabla na ya baada. Nikipewa ya baada tu, sijui kilichotengenezwa ni nini.

Jozi ya tatu sasa imetembea kilomita 12,000. Kila mwezi naingiza kipimo kidogo cha kina kwenye mifereji, mara tatu kwa kila tairi: ndani, katikati, nje. Tofauti kati ya ndani na nje haijafika hata milimita moja, na bushi iliyong'olewa bado naihifadhi kwenye buti.