Hyde ni Uovu Mtupu. Wema Mtupu Uko Wapi?

Muulize yeyote aliyewahi kusikia habari za Daktari Jekyll na Bwana Hyde kwamba hadithi hiyo inahusu nini, naye atakujibu bila kusita: binadamu ana nusu mbili, moja njema na moja mbovu. Kasoro ya jibu hilo ni ya hesabu tu. Katika kitabu chenyewe, Robert Louis Stevenson aliweka uovu mtupu upande mmoja, yaani Hyde, mtu ambaye Jekyll hugeuka kuwa yeye akinywa dawa aliyoitengeneza, lakini upande wa pili hakuweka wema mtupu. Aliweka bwana wa miaka 50, msomi, mwenye nafasi yake mjini, aliyechanganyika mema na mabaya kama watu wengine wote. Jekyll mwenyewe anaandika hivyo.

Kitabu kilitoka London Januari 1886 kwa bei ya shilingi moja. Kina sura 10, na siri haifichuki mpaka sura mbili za mwisho. Wasomaji wa kwanza hawakujua kwamba Jekyll na Hyde ni mtu mmoja. Walichokuwa nacho ni wasiwasi wa wakili Utterson juu ya wosia wa rafiki yake Jekyll: akifa, au akitoweka kwa zaidi ya miezi 3, kila alicho nacho kiende kwa Edward Hyde. Huyo Hyde amemkanyaga mtoto wa kike barabarani saa 9 usiku, akaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kitu. Alipobanwa na watu alikubali kulipa pauni 100. Aliingia kwa mlango mmoja chakavu, usio na kengele wala cha kubishia, akatoka na pauni 10 za dhahabu na hundi ya zilizobaki, ikiwa na saini ya mtu anayeheshimika. Baadaye ndipo tunapong'amua kuwa mlango ule ni wa nyuma, na wa mbele, uliopakwa heshima zote, ni wa Jekyll. Nyumba ni moja.

Wanaotetea nadharia ya nusu mbili hawasemi ovyo. Jekyll anakiri katika maandishi yake ya mwisho kwamba kwa hakika mtu si mmoja, ni wawili. Zama zile nazo zilikuwa zimeiva kwa wazo hilo. Mwaka 1871 Charles Darwin alichapisha kitabu cha asili ya binadamu, kilichomuunganisha Mwingereza na wanyama katika ukoo mmoja. Mwaka 1876 daktari wa Kiitaliano, Cesare Lombroso, alidai kuwa mhalifu huzaliwa hivyo na hutambulika kwa umbo la kichwa na uso. Hyde kakatwa kwa kipimo hicho: mfupi, mikono yenye nywele, sura inayomchukiza kila amwonaye ingawa hakuna awezaye kutaja kilema chake.

Watetezi hao hupenda pia kumtaja William Brodie wa Edinburgh, mji alikozaliwa Stevenson. Brodie alikuwa fundi seremala na diwani mchana, mvunja nyumba usiku, na alinyongwa mwaka 1788. Stevenson alishirikiana na mwenzake kuandika tamthilia juu yake. Lakini mfano huu unawasaidia kidogo kuliko wanavyodhani, kwa sababu Brodie hakubadilika sura wala nafsi. Alikuwa ndumilakuwili, basi.

Upande wa pili wa hoja unasema kitabu hiki ni habari ya unafiki. Ushahidi wake mwingi umo katika maungamo yaleyale ya Jekyll, kwa msomaji atakayeyasoma taratibu. Mara tu baada ya kusema "wawili", daktari anaongeza kwamba hiyo ndiyo namba ambayo elimu yake imefikia; wengine watakaomfuata huenda wakagundua kuwa mtu ni kama mji mzima wa wakazi wasiopatana. Kisha anakiri kuwa makosa yake ya ujana yalikuwa ya aina ambayo wengine wangejisifia. Yeye aliyaficha kwa sababu alitaka kutembea mbele za watu akiwa ameinua kichwa. Na la tatu, ambalo ndilo zito: dawa yake haikuchagua. Anasema haikuwa ya kishetani wala ya kimungu, ilitikisa tu milango ya gereza, aliyekuwa macho ndani akatoka. Angeinywa akiwa na nia njema, angetoka malaika. Stevenson naye aliandika katika barua ya mwaka 1887 kwamba ubaya ulikuwa ndani ya Jekyll, kwa sababu alikuwa mnafiki, wala si kwa sababu alipenda wanawake.

Nusu mbili zilizosawazishwa zimetoka wapi basi? Kwa kiasi kikubwa, jukwaani. Mei 1887 mwigizaji Richard Mansfield alianza kuigiza hadithi hii Boston, Marekani, akiwa Jekyll na Hyde yeye mwenyewe na kubadilika mbele ya watazamaji. Tamthilia ilimpa Jekyll mchumba, mtu asiyekuwemo kabisa kitabuni, na kumfanya mpenzi mpole anayestahili kuhurumiwa. Agosti 1888 ikahamia ukumbi wa Lyceum, London, na mwisho wa mwezi huohuo mauaji ya wanawake ya Whitechapel, yanayohusishwa na Jack the Ripper, yakaanza; haikuchukua muda magazeti kumtaja Hyde.

Meneja wa ukumbi ule alikuwa Bram Stoker, ambaye mwaka 1897 alichapisha *Dracula*. Humo uovu unatoka nje, kwa meli, na watu wema wanajipanga kuuwinda kwa misalaba, vitunguu saumu na ratiba za treni. Ni kitabu kinachoikaribia zaidi ile picha ya nyeupe na nyeusi, ingawa hata hapo kuna sharti: mnyonya damu hawezi kuingia nyumbani kwa mara ya kwanza mpaka wa ndani amkaribishe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Oscar Wilde alikwenda kinyume. Riwaya yake ya Dorian Gray, kijana ambaye dhambi zake huonekana kwenye picha yake aliyochorwa huku uso wake ukibaki mzuri, iliyotoka jaridani mwaka 1890 na kuwa kitabu mwaka 1891, huelezwa hivi: uso mzuri ni wema, picha inayooza darini ni uovu. Si kweli, maana uso ule haubebi wema wowote, umesafishwa tu. Karibu na mwisho Dorian anaamua kutomharibu msichana mmoja wa kijijini, kisha anapanda juu na taa kuangalia kama picha imepona japo kidogo. Anakuta macho yameongezeka ujanja, na pembeni ya mdomo kuna kunyanzi la mnafiki. Picha haikuhesabu tendo, ilihesabu sababu yake.

Kwa hiyo naona hoja ya unafiki ina uzito zaidi. Lakini haimalizi kila kitu. Mnafiki anaweza kuacha akitaka. Jekyll anafika mahali hawezi. Miezi miwili hivi kabla ya mauaji ya Sir Danvers Carew, mbunge aliyeuawa na Hyde, alilala akiwa Jekyll, na asubuhi akauona mkono wake juu ya shuka. Mkono wa Jekyll ni mkubwa, mweupe, imara. Huu ulikuwa mwembamba, wenye mishipa na vifundo, umefunikwa na nywele nyeusi. Hakuwa amekunywa kitu. Dozi nayo ilikuwa imepanda, mara mbili ya kawaida, hata mara tatu safari moja kwa hatari ya kufa. Hapo anasomeka kama mtu aliyetawaliwa na kilevi. Baada ya mauaji akaapa kuacha, akajitia katika kusaidia wenye shida. Siku moja ya Januari ameketi kwenye benchi katika bustani ya Regent's Park, anajilinganisha na wengine na kujiona amewazidi wema. Wakati uleule akageuka Hyde.

Na kuna dawa yenyewe. Ilitengenezwa kwa matone machache ya maji mekundu na pakiti moja ya chumvi nyeupe. Mchanganyiko huchemka, hugeuka zambarau nzito, kisha hufifia kuwa kijani cha majimaji. Chumvi ya kwanza ilipokwisha, Jekyll aliagiza nyingine. Ikachemka, rangi ikageuka mara ya kwanza, mara ya pili ikakataa. Akainywa hivyohivyo, isifanye kazi. Akatuma mtu kuzunguka maduka yote ya London, akidhani ameuziwa chumvi chafu. Mwisho akakubali kwamba chafu ilikuwa ile ya kwanza, na kwamba uchafu huo, ambao hakuujua ni nini, ndio uliokuwa ukifanya kazi siku zote.