Reli Yangu ya Kamba na Kanzu ya Mshenga

Kwetu Lushoto gari huishia barabarani, halafu unaanza safari. Kutoka barabarani hadi uani kwangu kuna ngazi 63 za udongo, zinazokatiza kati ya matuta ya karoti na kabichi ya mama watoto. Saruji, mkaa, mtungi wa gesi, magunia ya mahindi: kila kitu kimepanda kwa mgongo wa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalisema hili mapema kwa sababu mjomba wangu akiwasimulia watu kisa hiki huanzia hapo hapo, kisha hucheka peke yake kabla hajaendelea.

Wazo lilinijia likizo ya Desemba, nikisoma habari za Waswisi. Hao milima haiwasumbui. Mwaka 1871 walishapandisha treni mlima Rigi kwa reli ya meno: katikati ya reli mbili za kawaida wanalaza ya tatu yenye meno, na chini ya injini kuna gia inayoyang'ata meno hayo, inapanda jino kwa jino. Mlima Pilatus, tangu 1889, treni inapanda mwinuko wa asilimia 48. Ni mkali kiasi kwamba mhandisi wake, Locher, aliogopa gia isije ikayaparamia meno na kuruka, akaweka gia mbili zilizolala, zinazoibana reli huku na huku. Mimi nilishika futi na timazi nikaupima mteremko wangu: asilimia 26, urefu mita 18. Nikajiambia Pilatus nusu mtu anaweza.

Hata Wajerumani walipokuwa hapa hawakuthubutu. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaitazama milima yetu, ikajiendea zake Moshi. Mbao za Shume waliziteremsha Mkumbara kwa waya wa angani. Kwa hiyo heshima ya kuileta treni Lushoto ilikuwa bado inamsubiri mtu.

Nilianza na meno. Nilikusanya cheni chakavu za bodaboda gereji, nikazilaza katikati ya reli mbili za nondo ya milimita 12, kibehewa nikakifunga sproketi na mota ya waipa. Kilipanda mita moja na nusu kikilia kama mashine ya kusaga, udongo mwekundu ukajaa kwenye kila jicho la cheni, sproketi ikawa inapanda juu ya tope badala ya meno, na betri ya sola ikaisha. Usiku huo tukakosa taarifa ya habari. Mama watoto hakusema kitu. Alichukua kibatari, akaenda kulala nacho.

Basi nikahamia kwenye kamba. Hapa ndipo penye utamu, naomba mnivumilie.

Reli ya kamba ni vibehewa viwili kwenye kamba moja inayopita kwenye kapi huko juu. Kimoja kikishuka, kingine kinapanda. Uzito wa vibehewa vyenyewe unakatana, kwa hiyo unachohitaji ni kuzidisha kidogo tu upande wa juu. Kule Lynton na Lynmouth, Uingereza, wamefanya hivyo tangu 1890 kwa maji: gari la juu linajazwa maji, linashuka, linamvuta mwenzake, likifika chini linayamwaga. Hakuna mota, hakuna betri ya sola ya mtu. Mimi uani nina tanki la kukinga mvua. Nani kama mimi?

Kapi nikatumia rimu ya baiskeli, na breki yake ile ile ya raba mbili ikabaki. Magurudumu nikatoa kwenye geti bovu la kusukuma, yale yenye mfereji katikati, yanakaa juu ya nondo kama yamezaliwa nayo. Ugumu ulikuwa pale katikati ya njia, vibehewa vinapopishana. Njia ni moja, inagawanyika mbili, inaungana tena. Nani atakiambia kila kibehewa kipite upande wake? Dawa aliipata Mswisi mwingine, Abt, kwenye reli ya Giessbach mwaka 1879. Magurudumu ya upande mmoja yanaikumbatia reli, ya upande wa pili ni bapa na mapana, yanateleza tu juu. Kibehewa cha kulia kinafuata nondo ya kulia siku zote, cha kushoto ya kushoto, na hakuna wa kubadilisha njia. Upande wa bapa nilikata vipande vya bomba la chuma. Nililala siku tatu nikiota vimegongana hapo katikati. Mtu huogopa pasipostahili.

Majaribio yalikwenda vizuri mno. Kilo 22 za viazi chini, lita 30 za maji juu, nachomoa kigingi, viazi vinakuja polepole kama bibi harusi. Watoto wa jirani walilipa maembe kuangalia.

Halafu ikaja Jumamosi ya posa ya mdogo wangu.

Wageni walikuwa wanatoka Korogwe, wazee wanne na mshenga. Soda zililetwa na bodaboda, zikaachwa barabarani. Mama watoto akaniambia niwatafute vijana wa kubeba. Nikamwambia leo hakuna wa kubeba, leo wageni wataona kreti inapanda yenyewe. Alinitazama kama mtu anayetazama mawingu wakati nguo ziko kambani.

Nilimweka mpwa wangu chini na filimbi. Kazi yake: weka kreti, piga filimbi. Kazi yangu juu: jaza maji, sikia filimbi, chomoa kigingi. Kreti moja ya soda nilishaipima, inakaribiana na vile viazi. Hesabu imekamilika. Jambo moja tu: kutoka juu sikuweza kuona chini, kwa sababu ya migomba.

Wageni wakafika. Nikasikia salamu huko chini, shikamoo na marahaba, kisha filimbi.

Nilichokuja kuelezwa baadaye ni hiki. Mpwa wangu aliweka kreti kama alivyoagizwa. Mshenga, mzee wa watu, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, akauliza hiki ni kitu gani. Akaelezwa. Akapendezwa sana. Akasema, "Mwanangu, adabu haiko hivyo. Soda ni za wenyeji. Kinachotangulia kupanda ni posa." Wakaishusha kreti ya kilo 22, wakaweka kikapu chenye doti mbili za kanga na bahasha. Kwa kukadiria, kilo mbili. Mpwa wangu angembishia vipi mzee? Akapuliza filimbi.

Nikachomoa kigingi.

Sikusikia ile sauti ya taratibu ya viazi. Nilisikia vuuu. Rimu ilizunguka hadi spoki zikapotea machoni. Nikarukia breki, nikaibana kwa mikono miwili, nayo ikateleza kama sabuni, maana wakati wa kujaza nilikuwa nimeimwagia maji raba na rimu yake kwa mpira wangu mwenyewe. Hili huwa nalifundisha darasani. Kule Lynton kila gari lina dereva wake na breki zake. Mimi nilikuwa na filimbi.

Katikati pale nilipokuwa napaota, vibehewa vilipishana vizuri ajabu. Havikugusana hata rangi. Abt angelia kwa furaha.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu: mwendo wa karibu mita sita kwa sekunde. Cha chini kiligonga gogo la kuzuia, kikasimama, lakini maji hayakuwa na gogo. Lita 30 zilitoka kwa pamoja zikamkuta mshenga ameinama karibu, anachungulia kuona hicho kitu kinavyofanya kazi. Cha juu nacho kiligonga kapi, kikapu kikaendelea na safari. Kilipita kichwani kwangu, kikapita juu ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele, kikatua kwenye dimbwi la chini ya tanki.

Kimya. Kisha kutoka chini ya migomba ikasikika sauti ya utu uzima: "Wenyeji, hodi."

Kanzu ikaanikwa. Mshenga hakuwa na nguo nyingine, nami kabatini nguo kavu ya kumtosha mtu mwenye kitambi kile ilikuwa moja tu, trakisuti niliyopewa nilipopeleka timu ya shule kwenye michezo ya sekondari, imeandikwa UMISSETA mgongoni kwa herufi za kusomeka Mombo. Akaivaa. Akakaa mkekani, akakunja miguu, akafungua maneno kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, kama vile washenga wote duniani huvaa hivyo.

Mjomba akapewa bahasha. Fedha zilikuwa zimelowa lakini fedha ni fedha, zikabandikwa kwenye kidirisha zikauke. Barua ndiyo iliyokufa. Mwandishi wake alitumia kalamu ya wino, ile ya heshima. Mjomba akavaa miwani, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga.

"Kwa heshima na taadhima," akasoma. "Hapa pameenda. Hapa pameenda. 'Tunaomba m...' Wanaomba kitu kinaanza na m." Akawatazama wageni juu ya miwani. "Inaweza kuwa mke. Inaweza kuwa mbuzi."

Nyuma ya pazia mdogo wangu alicheka kwa sauti, jambo ambalo mwari wa posa hatakiwi kulifanya.

"Ni mke," mshenga akasema. "Mbuzi tunaye."

Ikabaki faini. Kwa kawaida upande wa binti ndio hutoza: mmechelewa, faini, hamjavua viatu, faini. Siku hiyo mshenga aliinua mkono, UMISSETA ikanyooka mgongoni, akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kupeleka posa akamwagiwa maji, kwa hiyo anadai yeye. Wazee wakateta dakika kumi. Mahari ikapunguzwa mbuzi mmoja, na mjomba akatamka mbele ya watu wote kwamba mbuzi huyo nitamlipa mimi.

Soda zilipandishwa na vijana wawili. Niliwalipa elfu mbili mbili, na kwa mara ya kwanza mama watoto akatabasamu.

Mshenga alirudi mwezi wa saba kuleta mahari. Wiki tatu mvua ilikuwa haijadondoka, anga buluu toka Magamba mpaka Irente. Akashuka kwenye gari ameshika mwavuli, akaufungua, ndipo akaanza kupanda ngazi.