Kilomita Laki Tatu za HiAce

Mtu anayetafuta Toyota HiAce ya mtumba kwa ajili ya kubebea mizigo hufungua mlango, huinama kwenye dashibodi na kusoma namba moja. Ikisoma kilomita 110,000, mazungumzo ya bei huendelea. Ikisoma 310,000, huondoka kabla fundi wake hajafunua kiti kuitazama injini. Tabia hii inawaumiza hasa wafanyabiashara wenye mtaji mdogo, ambao hutoa fedha zao zote kulipia namba inayopendeza, kisha wakabaki bila akiba ya kulihudumia gari lenyewe.

Woga huo una msingi, na asiyeukubali hajawahi kulitegemea gari kwa riziki. Injini ya dizeli iliyotembea kilomita laki tatu inaweza kuwa na ringi za pistoni na kuta za silinda zilizolika, mgandamizo ukapungua, na fundi akasema kwamba injini inapumua. Klachi, gia boksi, difu, bushi na rejeta navyo vimezeeka pamoja nayo. Gari likilala gereji siku tatu, msafirishaji wa mboga kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam hupoteza mzigo, na pengine mteja pia. Serikali nazo zimeonyesha mashaka yao: Kenya huzuia uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 8, Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa yale yaliyozidi miaka 15, na Tanzania huyatoza magari ya zamani ushuru wa uchakavu. Nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni hoja ya usalama, kwa kuwa dereva wa HiAce hukaa mbele kabisa pasipo boneti ndefu ya kumkinga, na nyingi kati ya zile za miaka ya tisini hazina mifuko ya hewa.

Hata hivyo, sheria hizo huanza kwa kuuliza mwaka, na mnunuzi huanza kwa kuuliza kilomita, ilhali vyote viwili havielezi gari lilivyofanya kazi. Tuchukue magari mawili. La kwanza limepeleka mizigo kati ya Dar es Salaam na Mbeya kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Likifikisha kilomita 300,000, injini yake imewaka saa 5,000. La pili limekuwa daladala jijini, kwenye foleni na vituo, kwa wastani wa kilomita 12 kwa saa. Likifikisha kilomita 120,000, injini yake imewaka saa 10,000. Ni kweli kwamba saa moja ya barabara kuu huizungusha injini mara nyingi zaidi kuliko saa moja ya foleni, kwa hiyo haifuati kwamba la pili limechakaa maradufu. Lakini katika saa hizo za foleni klachi imekanyagwa bila kukoma, breki zimefanya kazi kila hatua chache, na rejeta imekosa upepo wa mwendo.

Oili ndiyo inayonisumbua zaidi katika hesabu hii. Wamiliki wengi huibadilisha kila kilomita 5,000 na kuamini kwamba wametimiza wajibu wao. Kwa gari la safari ndefu, hizo ni takriban saa 83 za kazi. Kwa gari la foleni ni zaidi ya saa 400. Wamiliki wote wawili wamefuata utaratibu uleule, na vitabu vyao vya matengenezo vinafanana, lakini oili ya mmoja imetumikishwa karibu mara tano ya oili ya mwenzake. Saa ya kilomita haionyeshi tofauti hiyo, na mnunuzi anayeiamini peke yake atalichagua gari la pili kwa furaha na kulipia zaidi.

Tena namba yenyewe inaweza kuwa ya uongo. Kilomita hurudishwa nyuma, na hakuna muuzaji anayeziongeza. Gari linalosoma 310,000 mbele ya mnunuzi anayeogopa namba kubwa linaelekea kusema kweli, wakati lile la 110,000 linadai ushahidi: karatasi ya mnada wa Japani, au cheti cha ukaguzi wa huko, ambako magari madogo ya mizigo hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka miwili ya kwanza. Ushahidi usipopatikana, raba za pedali, usukani na kiti cha dereva husaidia kukisia.

HiAce za zamani zenye injini za dizeli za aina zinazoitwa 3L na 5L zina faida nyingine isiyoonekana kwenye dashibodi. Pampu yao ya dizeli ni ya kimekanika, nozeli, zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, husafishwa na mafundi wa kawaida wa pampu, na vipuri vyake si vigeni kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam. Injini za dizeli zilizofuata, kama 2KD, zina nguvu na hutumia mafuta vizuri zaidi, lakini nozeli zake huendeshwa kwa umeme na hazivumilii dizeli yenye maji au uchafu, hivyo hitilafu moja inaweza kumla mmiliki fedha zote alizodhani ameziokoa kwa kununua gari lililotembea kidogo. Jambo moja lisipuuzwe kwenye hizo za zamani: mkanda wa taiming, unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na pasipo kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, ubadilishwe kabla ya safari ya kwanza, kwa maana ukikatika valvu hugongana na pistoni.

Kinachopaswa kumfanya mnunuzi aondoke ni kutu. Injini iliyochoka hufanyiwa ukarabati au hubadilishwa kwa nyingine ya mtumba, lakini chesisi ya HiAce imeunganishwa na bodi, na ikioza haina mbadala. Magari yaliyotoka maeneo ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, yanaweza kuwa yameliwa kwa chini hata yakiwa na kilomita chache, na hewa ya bahari ya Tanga, Mombasa au Zanzibar huendeleza kazi hiyohiyo. Fundi alale chini ya gari kabla ya kulisikiliza.

Chini pakiwa pazima, injini ikiwaka asubuhi ikiwa baridi bila moshi wa bluu, na breki zikishika vizuri gari likiwa na mzigo, ningeichukua HiAce ya kilomita laki tatu ya safari ndefu kuliko ya laki moja isiyo na historia, mradi mnunuzi abakize angalau theluthi ya bei kwa matengenezo ya mwanzo. Asiyeweza kubakiza kiasi hicho, au aliyefunga mkataba wa kufikisha mzigo kila siku bila gari la akiba, aendelee kukodi kwanza.