Ujira wa vibarua Kigoma: mwenye shamba mbona hatajwi?
Makala ninayoijibu hapa inasema Warundi wasio na vibali ndio walioshusha ujira wa vibarua mashambani Kigoma. Kwamba ujira uko chini sibishi, mimi ni wa Kasulu na nimefanya palizi kwenye mashamba ya watu, lakini mwandishi kamwacha mwenye shamba apite pembeni. Mrundi anavuka mpaka kwa makubaliano ya mdomo: alime, apalilie, avune, alipwe msimu ukiisha, na muda wote huo anapewa chakula tu. Mahindi yakishaingia ghalani, wapo matajiri wanaowaita Uhamiaji badala ya kulipa, na mtu anarudishwa kwao mikono mitupu. Kijana wa hapa atashindanaje na kazi ya bure? Operesheni Kimbunga ya 2013, ule msako wa serikali dhidi ya wahamiaji wasio na vibali, iliwaondoa watu wengi Kagera, Geita na Kigoma, ila mtindo huu wa malipo haukuguswa. Kibarua apewe nafasi ya kudai jasho lake hata kama hana kibali, tuone kama tajiri ataendelea kumkimbilia. Sheria ya 2015 ya ajira za wageni inamkataza mwajiri kuajiri mgeni asiye na kibali; huko kwenu, nani ameshuhudia mwenye shamba akipandishwa kizimbani kwa kosa hilo?