Dubu wa Brooks Falls na sisi tunaokwenda kuwatazama

Julai iliyopita tuliwapeleka watoto Brooks Falls, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katmai huko Alaska, wakawaone dubu wakivua samoni. Hakuna barabara ya kufika huko. Tulitoka Anchorage kwa ndege hadi mji mdogo wa King Salmon, tukapanda ndege ndogo inayotua majini, ikatushusha kando ya Ziwa Naknek. Safari hiyo ilimeza akiba yetu ya miaka miwili.

Kabla hatujaondoka, mdogo wangu, dereva wa watalii kule Maasai Mara, alinipigia simu. "Kaka," akaniambia, "mnyama wa porini akishakuzoea, kuna kitu umemnyang'anya." Anajua anachosema. Kila msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara huona magari yakijipanga ukingoni mpaka yanawaziba njia, na kundi lililokuwa likijikaza kujitosa likageuka kurudi lilikotoka. Hofu yake ni kwamba Brooks ni mambo yale yale, ila tu kuna baridi.

Niliyoyakuta yanampinga kwa sehemu. Mgeni akishashuka kwenye ndege huanzia kwenye somo la lazima: kaa mbali na dubu angalau mita 45, usikimbie, usitembee na chakula kwenda maporomokoni, na dubu akija upande wako, wewe ndiye wa kumpisha. Mvuvi aliyenasa samaki akiona dubu anamjia hukata mshipi papo hapo, ili mnyama asije akajifunza kwamba penye mtu pana kitoweo. Hapo kuna tofauti ambayo mdogo wangu hakuigusa. Dubu aliyezoea kuona watu si sawa na dubu aliyezoea chakula cha watu. Huyu wa pili ndiye huvamia kambi, na mara nyingi mwisho wake ni risasi. Yule wa kwanza hukupita kama anavyopita jiwe.

Maporomoko yenyewe si marefu, ni kama kimo cha mtu mzima. Samoni aina ya sockeye, wanaorudi kutoka baharini kwenda kutaga, hurukia juu wakishindana na maji, na dubu wanajua ni wapi watatokea. Binti yetu wa miaka tisa aligundua kabla yangu kwamba kila dubu ana namna yake. Mmoja husimama juu ya ukingo wa maporomoko na kudaka kwa mdomo, mwingine hukaa kitako ndani ya povu akipapasa, mwingine huzamisha kichwa. Dume mmoja aliyeshiba alikula ngozi na mayai tu, mengine akawaachia shakwe. Si ubadhirifu. Anatafuta mafuta, kwa sababu majira ya baridi yote atalala bila kula, na dume mkubwa anaweza kupita kilo 400 kabla ya kuingia shimoni.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Baadhi ya dubu wenye watoto husogea karibu na majukwaa ya wageni, kwa kuwa madume makubwa, ambayo huua watoto wa dubu, mengi hayapendi kukaribia watu. Jike mmoja aliwapandisha wanawe wawili kwenye mti karibu nasi, kisha akashuka mtoni kuvua. Kwa mama huyo sisi tulikuwa ngao, na sioni tulichomnyang'anya.

Lakini huyo ni jike aliyezoea. Utafiti uliofanyika hapo Brooks katika miaka ya 1990, baada ya msimu wa kambi ya wageni kurefushwa kwa takriban wiki moja mwezi Septemba, ulionyesha kuwa dubu wakubwa wasiozoea watu walichelewa kuanza kuutumia mto. Hao ndio wanaonikosesha raha. Asubuhi ya siku ya pili, jukwaa likiwa bado na watu wachache, dubu mwembamba alichungulia kutoka kichakani ng'ambo ya mto. Watu waliongezeka, sauti zikapanda, akarudi alikotoka. Sidai sisi ndio tuliomfukuza, huenda alinusa dume. Ila sikumwona tena.

Watetezi wa utaratibu wa Brooks husema idadi tayari imedhibitiwa, kwani jukwaa la maporomoko halipokei zaidi ya watu 40 kwa wakati mmoja, na msongamano ukizidi kila mtu hupewa saa moja. Ni kweli, na wahifadhi wanaisimamia kanuni hiyo kwa upole na uthabiti. Lakini inadhibiti jukwaa, haidhibiti mto. Wanaokuja na kurudi siku hiyo hiyo hawahitaji kibali cha kufika majukwaani, kwa hiyo ndege huendelea kutua na foleni hurefuka.

Wapo wanaosema tubaki nyumbani tutazame kamera. Kamera zinazorusha picha moja kwa moja mtandaoni zipo mtoni tangu 2012, bure kwa mtu wa Alaska na wa Mombasa. Nawaheshimu, ila kwetu kamera ndiyo iliyoanzisha safari. Watoto walimpenda dubu jike Grazer kwenye skrini, wakamlilia mwanawe aliyekufa Julai 2024 baada ya kushambuliwa na dume, halafu wakataka kuuona mto wake.

Wala mto usio na watu si hali ya asili ya mahali pale. Watu wameishi na kuvua kando ya Mto Brooks kwa zaidi ya miaka 4,000, na mlipuko wa volkano ya Novarupta wa 1912 ndio uliowahamisha wenyeji wa kijiji cha Savonoski kilichokuwa jirani. Na sauti za watu zilihitajika ulipopangwa mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu kwenye vyanzo vya mito inayoingia Bristol Bay, bahari ya samoni hawa. Wenyeji na wavuvi waliupinga kwa miaka mingi, watu wa mbali wakawaunga mkono, na Januari 2023 serikali kuu ya Marekani ikauzuia.

Kwa hiyo simuungi mkono anayetaka wageni wote waondolewe. Ninachotaka ni Brooks iige McNeil River, hukohuko Alaska, ambako vibali hutolewa kwa bahati nasibu na watu 10 tu huongozwa kwenda kutazama kwa siku. Tangu utaratibu huo uanze mwaka 1973, hakuna mgeni aliyejeruhiwa na dubu. Brooks inaweza kupokea zaidi ya hao 10, lakini lazima iwe na kikomo cha siku. Najua maana yake: familia nyingi zitakosa, na yetu ingeweza kuwa mojawapo. Nilimwambia hivyo binti yetu tukiwa njiani kurudi. Aliuliza kama yule mwembamba wa kichakani naye atapata zamu yake mtoni.