Acheni kusingizia umbali wa Kigoma na Bukoba

Kila dirisha kubwa la usajili wa ligi likifunguliwa, maneno ni yale yale. Kiongozi wa timu ya pembezoni anaulizwa redioni kwa nini hajasajili, anajibu kwamba wachezaji hawataki kwenda kwao kwa sababu ni mbali. Mtangazaji anaitikia, mashabiki wanaguna, mjadala unaishia hapo. Inaniudhi sana, kwa sababu anayetoa jibu hilo ndiye huyo huyo anayeandika mikataba. Kilomita hawezi kuzibadilisha. Mkataba anaweza kuubadilisha leo mchana.

Umbali upo, hakuna anayeukana. Dar hadi Bukoba kwa barabara ni kama kilomita 1,400, reli ya kati hadi Kigoma inapita 1,200. Lakini Ruangwa kule Lindi nako ni mbali, na Namungo ya huko ilipopanda msimu wa 2019/20 ilimaliza ya nne, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na Simba pale Sumbawanga, na msimu uliofuata ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Geita Gold ilipanda 2021/22, nayo ikamaliza ya nne, na George Mpole akachukua kiatu cha mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Mtasema Geita ilikuwa na mgodi nyuma yake. Sawa, fedha ilisaidia. Fedha hiyo haikuizuia kushuka daraja 2023/24, kwa hiyo tusiifanye jibu la kila kitu.

Mchezaji wa miaka 21 anapoletewa ofa kutoka Kigoma ana swali moja ambalo mara nyingi halisemi mezani: nikifika huko, nitatokaje? Hapo ndipo usajili wa timu za mbali unapokufa. Viongozi wanadhani kazi yao ni kumshawishi akae, kwa hiyo wanamwekea mkataba wa miaka mitatu au minne usio na njia ya kutoka, wakiamini wamelinda mali ya klabu. Mchezaji akifunga mabao nane hadi Desemba, timu kubwa inaleta barua, kamati inataja bei ambayo hakuna wa kuilipa, dirisha dogo linafungwa Januari, kijana anavunjika moyo na mabao yanakoma. Wachezaji wenzake wameona. Meneja wake ameona, na ana wachezaji wengine kumi anaowatafutia timu. Mwaka unaofuata mkiwapigia simu wanasema ni mbali, kwa sababu hilo ndilo jibu la heshima. Hawawezi kuwaambia usoni kwamba hawawaamini.

Klabu ya mbali inapaswa kuuza njia ya kutokea, waziwazi, kwa maandishi, tangu kikao cha kwanza. Mkataba uwe wa miaka miwili. Ndani yake kuwe na kipengele kinachotaja kiasi ambacho klabu yoyote ikikilipa, mchezaji anaachiwa bila kikao. Tuseme milioni 60 mwaka wa kwanza na milioni 35 mwaka wa pili. Kiasi kinashuka kwa makusudi, kwa sababu thamani ya mkataba inashuka kila mwezi unaopita. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo kusaini na klabu nyingine bila kulipiwa hata shilingi. Mkataba unaoisha Juni 30, kufikia Januari mmebaki na mtu ambaye tayari anaweza kuwa na timu mpya mfukoni. Klabu iliyokataa milioni 35 Desemba kwa kiburi inapokea sifuri Juni, na nimechoka kusikia hilo likiitwa msimamo.

Halafu mjibakizie asilimia ya mauzo ya baadaye. Mkimuuza kwa milioni 60 na kubakiza asilimia 15, mnunuzi akija kumuuza kwa milioni 400, zinawarudia milioni 60 nyingine. Andikeni bayana kwamba ni asilimia 15 ya bei yote. Mkikubali iandikwe ya faida, hesabu inaanzia milioni 340 na mnapata 51. Neno moja hapo linawapotezea milioni tisa.

Vipengele hivi huharibika kwa namna zinazojulikana. Cha kwanza ni ahadi ya mdomo ya mwenyekiti: mwenyekiti akibadilishwa kwenye uchaguzi, ahadi imekwenda naye. Cha pili ni maneno “kwa makubaliano ya pande zote”, yanayopachikwa mwisho wa sentensi na kuua kila kilichoandikwa kabla yake, kwani klabu inakuwa imerudishiwa uwezo wa kukataa. Cha tatu ni kutotaja muda. Andikeni kwamba fedha ilipwe yote kwa mkupuo, benki, siyo chini ya siku saba kabla dirisha halijafungwa, ili nanyi mpate nafasi ya kutafuta mbadala. Cha nne, na hiki kinaumiza sana, ni kuwa na mikataba miwili: ule uliopelekwa shirikisho la soka, TFF, na ule uliofungiwa kabatini. Kipengele ambacho hakipo kwenye nakala iliyosajiliwa ni mwanzo wa kesi. Mpeni mchezaji nakala yake siku ile ile anayosaini, kila ukurasa ukiwa na sahihi.

Mnaogopa mtabaki watupu kila msimu. Mtabaki na fedha, na mtabaki na jina. Bodø/Glimt wako kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, kwenye mji wa watu wa kujaza Uwanja wa Mkapa mara moja tu. Walichukua ubingwa wa kwanza wa Norwei mwaka 2020, wakamuuza Jens Petter Hauge AC Milan mwaka huo huo katikati ya msimu, mwaka uliofuata wakaipiga Roma 6-1, na 2025 wakacheza nusu fainali ya Europa League. Norwei wana fedha na ndege ambazo Kigoma haina. Lakini uamuzi wa kumwachia mchezaji bora aende haukuhitaji ndege. Hapa nyumbani Deus Kaseke alitoka Mbeya City kwenda Yanga 2015, na Mpole mwenyewe baada ya Geita akavuka mpaka hadi St. Eloi Lupopo ya Lubumbashi. Njia ipo. Klabu ziache kuifunga, kisha ziitumie kama tangazo.

Tangazo lenyewe ni dakika za kucheza, na lina hesabu. Ligi ina raundi 30, sawa na dakika 2,700. Kipa namba tatu wa timu kubwa anaweza kumaliza msimu bila dakika hata moja. Winga wa timu ya vijana ya Azam, Simba au Yanga aliyekosa nafasi ya kupanda yuko hivyo hivyo. Hao ndio wa kuwafuata, kabla ya kuhangaikia jina lililoachwa na vigogo likiwa na miaka 33 na goti bovu. Mkongwe mmoja au wawili wanaotaka kuonekana tena wana faida, kama Shiza Kichuya alivyokwenda Namungo akiwa ameshapita Simba. Wakizidi hapo mmejenga timu ya watu wanaohesabu siku. Msimwandikie mtu kwamba ataanza kila mechi, kocha atawalaani. Mwahidini kinachowezekana: picha za video za mechi zake zote, zikiwa zimekatwa na kupangwa, anakabidhiwa kila mwezi. Kijana mmoja mwenye kompyuta anatosha kwa kazi hiyo.

Mshahara sasa. Tuchukue wachezaji 25 kwa wastani wa milioni 1.5: ni milioni 37.5 kwa mwezi, 450 kwa mwaka. Ongezeni asilimia 10 ya mwajiri kwa NSSF, inakuwa 495. Hesabu hiyo ni ya miezi 12, siyo 10, kwa maana mchezaji anakula hata Juni na Julai. Kabla ya kumwita mtu yeyote mezani, akaunti ya mishahara iwe na miezi mitatu, yaani kama milioni 124, na isiguswe kwa nauli wala posho za ushindi. Fedha za udhamini na za televisheni huja kwa mafungu, njaa huja kila siku. FIFA wako wazi: mishahara ya miezi miwili isipolipwa, mchezaji akaandika notisi na kuwapa siku 15, zikapita, anaondoka na ana haki ya kudai fidia. Timu ya mbali inayolipa tarehe 5 ya kila mwezi bila kukosa itapata wachezaji ambao timu ya Dar inayolipa “wiki ijayo” haitawapata. Fedha ya usajili nayo gawanyeni mara tatu: siku ya kusaini, siku ya kuripoti kambini, na mwisho wa dirisha dogo. Mkilipa yote mwanzoni, wengine hawataripoti. Mkilipa robo na kupotea, hawatacheza.

Timu za majeshi zina karata ambayo za kiraia hazina. Mashujaa pale Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, au Prisons ya Magereza, wanaweza kumpa kijana ajira inayobaki baada ya magoti kuchoka. Ni karata nzuri, waitumie. Klabu za halmashauri na za viwanda nazo zinaweza kuiga kwa kiasi chao, hata kwa kumlipia mchezaji ada ya chuo cha ufundi cha VETA akiwa na mkataba.

Mbali ni kutoka wapi? Bukoba hadi Kampala ni kama kilomita 300 kupitia Mutukula, chini ya robo ya safari ya Dar. Kigoma imepakana na Burundi na inatazamana na Kongo ng’ambo ya ziwa. Kwa mchezaji wa Bujumbura, Kigoma ni jirani na Dar ndiyo ughaibuni. Kanuni zetu zimeruhusu wageni hadi 12, na timu nyingi za mipakani zinawatafuta kwa wakala wa Dar, ambaye anamtoa kijana Bujumbura, anampitisha Dar, kisha anawauzia kwa bei ya Dar. Pelekeni mtu wenu akae wiki tatu kwenye viwanja vya huko. Anzeni karatasi mapema: hati ya uhamisho ya kimataifa kupitia mfumo wa FIFA, kibali cha kazi, kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Vinavyokwamisha kwa kawaida ni pasipoti inayokaribia kwisha na barua ya klabu ya zamani. Walio chini ya miaka 18 waacheni. FIFA wanaruhusu kwa wanaoishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani na klabu iliyo ndani ya kilomita 50 upande wa pili, lakini mtoto lazima aendelee kulala kwao na vyama vyote viwili vikubali. Ni wachache sana wanaotimiza hilo.

Na watoto wa nyumbani msiwasahau. Kigoma iliyotoa akina Manara, wale ndugu nyota wa soka wa zamani, haiwezi kukosa wachezaji watatu wazuri wanaosugua benchi Dar huku mama zao wakiwa Ujiji.

Safari inahitaji ratiba ya kitaalamu, maana mchezaji anaweza kuvumilia umbali, lakini havumilii kushuka basi asubuhi na kucheza jioni. Misuli ya nyuma ya paja na ya ndama inakaza baada ya saa nyingi za kukaa, na ukikimbia kwa kasi hapo inachanika. Timu ifike saa 48 kabla ya mechi. Kutoka Kigoma, lala Tabora, fanya mazoezi mepesi ya dakika 30, endelea hadi Dodoma, na tangu 2024 kuna treni ya SGR inayoingia Dar kwa takriban saa nne, mchezaji akiwa amenyoosha miguu. Mechi mbili za ugenini za ukanda mmoja ziombwe zifuatane, na barua iende Bodi ya Ligi kabla ratiba haijatoka. Ikishatoka mtajibiwa kwamba mmechelewa. Kama kuna fedha ya ndege ya upande mmoja tu, itumieni kurudi, hasa kukiwa na mechi ya nyumbani siku nne mbele.

Hofu ya kuumia ni kubwa kuliko viongozi wanavyodhani. Mtu akichana mshipa wa goti akiwa Bukoba anajua kipimo kikubwa na upasuaji viko hospitali ya Bugando, Mwanza, au MOI, Dar, na kwamba atakaa nje miezi sita hadi tisa. Mkataba useme nani analipa kipimo, upasuaji, nauli ya yeye na msindikizaji, chumba cha kukaa akiwa matibabuni, na kwamba mshahara unaendelea. Andikeni pia kipimo kifanyike ndani ya siku saba. Kuchelewa wiki sita kwa sababu ya “tunatafuta fedha” ndiko kunakomaliza wachezaji.

Nyumba ipatikane kabla hajafika, yenye maji. Mwenye mke alipwe kodi ya nyumba badala ya kulazimishwa kambi mwaka mzima. Mlete aone mji siku mbili kabla ya kusaini, pamoja na mkewe, na mwonyesheni uwanja. Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, una nyasi bandia, kwa hiyo mwambieni mapema aje na viatu vya njumu fupi. Njumu ndefu za chuma pale zinang’ang’ania na kupindisha goti.

Haya yote yafanyike kuanzia Machi, wakati mikataba ya wengi ina miezi mitatu iliyobaki na simu zao hazijaanza kuita. Timu inayosubiri Julai inakuta wazuri wameshasaini, na waliobaki wanataja bei mara mbili.